Dhana potofu kuhusu tanbihi na kurejelea kesi

Nasoma tasnifu na hoja za maandishi za vijana wanaosomea sheria hapa Mwanza. Wengi wanaijua sheria vizuri. Wanachoshindwa ni kumwonyesha msomaji walikoitoa. Tanbihi, yaani maelezo ya chini ya ukurasa, ina kazi moja, kumfikisha jaji au msimamizi wako kwenye sentensi ileile uliyoisoma wewe. Ukilishika hilo, kanuni nyingi zinazoonekana za kukariri zinaeleweka zenyewe.

Dhana: Mabano ya mraba na ya mviringo ni mamoja.

Si kweli. Kesi inayotajwa karibu kila linapowekwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka shauri likome kabla ya kusikilizwa, ni Mukisa Biscuit v West End Distributors. Huandikwa [1969] EA 696; EA ni vitabu vya ripoti za kesi za Afrika Mashariki. Mabano ya mraba yanakuambia kwamba mwaka ndio unaotambulisha juzuu: bila 1969 hujui ushushe kitabu kipi kwenye rafu. Rylands v Fletcher, kesi ya Uingereza, ni (1868) LR 3 HL 330; LR na HL ni ripoti za kesi za House of Lords. Hapo juzuu lina namba yake, 3, na hata mwaka ukifutika bado utafika ukurasa wa 330.

Tusiiache Mukisa kwanza. 696 ni ukurasa hukumu inapoanzia tu. Maelezo ya pingamizi la awali ni nini, yale ya Jaji Law ambayo kila mtu huyanukuu, yako ukurasa wa 700, na maneno ya Newbold, rais wa mahakama iliyoiamua kesi hiyo, yako 701. Ukiandika 696 peke yake umemtuma msomaji akatafute mwenyewe. Andika [1969] EA 696, 700. Kwangu hili ni kosa zito kuliko nukta au koma iliyokosewa, na ndilo linalosamehewa kirahisi mno.

Dhana: Mwaka ulio kwenye mabano ndio mwaka wa hukumu.

Ephrahim v Pastory iliamuliwa na Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, Februari 1990. Jaji Mwalusanya aliikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Kesi hiyo kila mwanafunzi wa kanda hii anapaswa kuisoma yote, si muhtasari. Katika mkusanyo mmoja wa kesi za haki za binadamu barani Afrika inaonekana hivi: (2001) AHRLR 236 (TzHC 1990). 2001 ni mwaka wa mkusanyo; mwaka wa hukumu uko mwishoni. Asiyejua hilo anaweza kujenga hoja nzima kwamba jaji aliongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, sheria ambayo wakati ule haikuwepo.

Dhana: Kesi isiyoripotiwa haina uzito.

Uamuzi wa Mahakama ya Rufani lazima ufuatwe na mahakama za chini yake, uwe umechapwa kwenye TLR, vitabu vya ripoti za kesi za Tanzania, au haukuchapwa. Ila kwa kuwa huna ukurasa wa kitabu, toa namba ya rufaa, mwaka, mahakama, mahali iliposikilizwa na tarehe ya hukumu. Hukumu zilizopo TanzLII, hifadhi ya mtandaoni ya sheria na hukumu za Tanzania, zina pia namba isiyotegemea mchapishaji yeyote: TZCA kwa Mahakama ya Rufani, TZHC kwa Mahakama Kuu. Iweke.

Dhana: Ukishataja namba ya Sura ya sheria, imetosha.

Sheria ya Uvuvi ni Sura ya 279, sawa. Ya marejeo yapi, yaani toleo lipi la sheria zilizorekebishwa? Mvuvi aliyekamatwa Ukerewe na nyavu haramu mwaka 2018 anahukumiwa kwa sheria ilivyosomeka siku ile. Marejeo ya 2023 yalianza kutumika Julai 1, 2025, na kifungu kinaweza kuhama namba kutoka toleo moja hadi jingine.

Kuhusu Bluebook ya Marekani na OSCOLA ya Oxford, miongozo miwili ya kuandika rejea, ubishi wa ipi ni sahihi hauna maana. Fuata ule mtindo chuo au jarida lako linaoutaka, na usiichanganye. Mahakamani kwetu, kwa kawaida, rejea inakaa ndani ya aya yenyewe. Na "ibid", neno linalomaanisha "rejea ileile iliyotangulia", liweke ukishamaliza kuandika kazi yote: ukichomeka tanbihi mpya katikati, inaanza kuelekeza kwenye kesi nyingine bila wewe kujua.

Dhana: Rejea iliyopangwa vizuri lazima iwe ya kweli.

Mwaka 2023, katika Mata v Avianca, jaji wa New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Rejea zile zilikuwa na majina ya wadaawa, juzuu na kurasa, zimekaa sawasawa kwa macho. Kesi zenyewe hazikuwahi kuwepo. Kama hujaifungua hukumu ukaiona aya unayoitegemea, usiiweke kwenye tanbihi yako, hata kama umeletewa na mwenzako unayemwamini.