Paleti ya matumbawe, kijani na waridi: maana yake na jinsi ya kuitumia

Paleti ya rangi ni kundi dogo la rangi zinazochaguliwa mwanzoni mwa kazi ya usanifu, ili kila kitakachofuata kitoke humo. Wapambaji wa harusi wanaifahamu vizuri. Kamati ikishakubaliana rangi za sherehe, kadi ya mwaliko, sare, vitambaa vya meza na maua ya ukumbini vyote huzifuata. Paleti ninayoieleza hapa ina rangi tatu: matumbawe, kijani na waridi. Naipenda sana, na inaniuma kuiona ikiharibika kwa sababu tu kila rangi imepewa nafasi sawa.

Rangi ya matumbawe inayokusudiwa ni ile ya marijani, nyekundu iliyoingiwa na rangi ya chungwa, wala si weupe wa mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwenye kurasa za intaneti namba yake ni #FF7F50. Kampuni ya Pantone, inayotoa viwango vya rangi kwa wachapaji na wasanifu, iliteua aina yake mojawapo kuwa rangi ya mwaka 2019. Waridi nayo ni nyekundu iliyotiwa nyeupe nyingi. Kwa hiyo hizo mbili ni ndugu. Kijani kimekaa upande wa pili wa gurudumu la rangi, yaani duara linaloonyesha rangi zinavyopangana, kikikabiliana na jamii nzima ya nyekundu.

Nguvu ya paleti hii inatokana na kukabiliana huko. Mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, alisimamia kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mapazia ya kutundika ukutani, na akapokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zinaonekana hafifu. Alipochunguza aliona tatizo haliko kwenye rangi yenyewe. Rangi zilizo jirani nayo ndizo zilizobadilisha namna jicho linavyoiona. Mwaka 1839 alichapisha maelezo yake: rangi mbili zinazokabiliana zikiwekwa bega kwa bega, kila moja huikoleza nyingine. Ndiyo maana ua la rangi ya matumbawe huwaka zaidi likizungukwa na majani.

Lakini ukoleaji huo ukizidi unachosha macho. Matumbawe na kijani vikiwa na ukubwa sawa na mwangaza sawa, mpaka kati yao huonekana kama unatetemeka. Dawa yake ni kupanga viwango. Wapambaji wengi hutumia kanuni ya 60-30-10, yaani rangi moja itawale, ya pili isaidie, ya tatu iguse tu. Kwa maoni yangu, asilimia 60 iende kwa waridi iliyopauka sana, 30 kwa kijani kizito, na 10 kwa matumbawe. Wengi hufanya kinyume, wanapaka matumbawe kila mahali kwa kuwa ndiyo inayovutia. Ikishajaa kila mahali, hakuna tena kinachovutia. Iache kwa majina ya maharusi, utepe, au kitufe kimoja cha tovuti unachotaka watu wakibonyeze.

Kwenye maandishi usikubali mjadala. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Maandishi meupe juu ya #FF7F50 hufikia kama 2.5 tu, na shangazi anayesoma kadi kwenye simu juani hatoona saa wala ukumbi. Kijani kizito #006400 juu ya waridi hafifu #FFE4E1 kinapata kama 6.2, kinasomeka bila taabu.

Kumbuka pia kwamba wapo watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, wasioweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani. Igeuze kazi yako iwe picha nyeusi na nyeupe, kisha itazame. Kijani cha kati kama #3CB371 kina mwangaza unaokaribiana mno na wa matumbawe, hivyo vyote viwili vitageuka kijivu kilekile. Ikitokea hivyo, tia kijani giza zaidi.

Kinachobaki ni wino na taa. Kioo cha simu hutoa mwanga, karatasi huurudisha tu, kwa hiyo matumbawe yaliyong'aa kwenye simu yanaweza kutoka yamefifia kwenye kadi. Taa za njano za ukumbini nazo huisogeza waridi kuelekea rangi ya chungwa. Mwombe mchapaji sampuli moja kwenye karatasi ileile mtakayotumia, na kipande cha kitambaa kiangalie mchana nje, halafu ukiangalie tena usiku chini ya taa za ukumbi, kabla hujalipia jora zima.