Injini Ikifa, Uliza Kwanza Kilichoiua

Magari mengi yanayofika kwenye karakana ya chuo chetu hapa Tanga huja yakivutwa kwa kamba, na mwenye gari akishashuka, jambo la kwanza analouliza ni bei. "Mwalimu, injini nyingine inapatikana kwa shilingi ngapi?" Namwelewa. Gari limelala, kazi zimesimama, na kichwani anapiga hesabu ya ada za watoto. Lakini haraka hiyo imewatia watu hasara kubwa kuliko ubovu wenyewe, kwa kuwa wameruka swali linalotangulia: hii iliyokufa, imeuawa na nini?

Mama mmoja wa Sahare anayepeleka samaki Korogwe aliharibikiwa injini mbili ndani ya mwaka mmoja. Gari lake ni Noah ya zamani, ile ambayo injini imekaa chini ya viti vya mbele. Siku ya kwanza lilichemsha kabla ya kufika Hale. Akasimama, akamimina maji, akaendelea. Likachemsha tena, akamimina tena, maana samaki hawasubiri. Alipofika Korogwe na kuzima, halikuwaka tena. Fundi wa huko akamwambia injini imekwisha. Ikatafutwa ya mtumba, ikafungwa, gari likarudi barabarani. Miezi minne baadaye likafa vilevile.

Lilipoletwa kwetu tulifungua rejeta kabla ya kugusa injini. Mirija yake mingi ilikuwa imeziba kwa kutu na ukoko mweupe. Kwa miaka mama huyu alikuwa akiijaza maji ya kisima cha nyumbani, na maji ya visima vyetu vya pwani, aliyewahi kuyapikia chai anayajua, yana chumvi. Injini ya pili ilikuwa nzima siku ilipofungwa. Ilifungiwa rejeta ileile iliyoiua ya kwanza.

Wenye magari wengi hapa kwetu wako peke yao jambo hili linapowakuta. Gari jipya la Toyota likiuzwa Japani huwa na waranti ya jumla ya miaka 3 au kilomita 60,000, na ile ya sehemu kubwa kama injini hufika miaka 5 au kilomita 100,000, kutegemea kinachotangulia. Magari tunayonunua sisi mara nyingi yameshavuka umri huo kabla hayajapakiwa melini. Bima kubwa nayo huwachanganya watu. Inalipa ajali, moto, wizi na mengine yaliyoandikwa kwenye mkataba wake, lakini uchakavu wa injini na kuharibika kwake kwa ndani kwa kawaida havimo. Kwa hiyo fedha itatoka mfukoni mwako, na ndiyo maana inafaa itoke mara moja tu.

Injini nyingi zinazokufa mapema huuawa na moja kati ya mambo mawili, joto au kukosa oili.

Tuanze na joto. Maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini mfumo wa kupozea injini hufungwa kwa kofia yenye springi inayoshikilia presha, na kwa presha hiyo maji yanaweza kukaribia nyuzi 120 bila kuchemka. Kofia ikilegea, presha inatoroka, maji yanachemka mapema, na mvuke hauwezi kubeba joto kama maji yanavyoweza. Hapo ndipo hedi, kichwa cha injini kinachofunika silinda, inapoumia. Katika injini ya Noah hiyo, hedi ni ya aluminiamu na bloku, mwili wa injini wenye silinda, ni chuma cha kusubu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Vitu viwili vilivyobanwa kwa bolti, kimoja kinataka kwenda na kingine kinabaki: hedi inapinda, gasketi iliyo kati yake na bloku inapasuka, maji yanaingia kwenye oili. Ukimimina maji ya baridi juu ya injini iliyochemka unaweza kuipasua hedi papo hapo. Kofia ile, spea ndogo kabisa, ndiyo ninayoianzia kila gari linapoletwa kwa kuchemsha.

Kuna tabia moja ya gereji zetu ninayoipinga kila ninapopata nafasi, nayo ni kung'oa themostati, ile vali ya njia ya maji ya kupozea, na kuitupa kwa hoja kwamba Tanga ni joto. Themostati haizuii injini kupoa. Inazuia isifanye kazi ikiwa baridi mno, kisha inafunguka yenyewe. Ukiitoa, injini inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na ugonjwa uliokuwa ukikufanya uitoe unabaki palepale, kwenye rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka au wotapampu iliyochoka.

Oili nayo ina kosa lake la kawaida. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST na Probox nyingi za mjini hapa hubeba lita 3.7 oili na filta vikibadilishwa pamoja. Ikianza kula oili, mwenye gari huwa anasubiri taa nyekundu imwambie. Taa ile haipimi kiasi cha oili, inapima presha. Ikiwaka, pampu tayari inavuta hewa na beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, zinasagana chuma kwa chuma. Zima gari hapohapo, hata kama nyumbani panaonekana. Hatua mia tatu za mwisho zimewaulia injini watu wengi ambao wangeokoka kwa kuongeza lita mbili za oili.

Basi gari limeshazima. Usijaribu kuliwasha tena na tena "kuona kama litashika". Kama limezima ndani ya dimbwi wakati wa masika, usiliwashe kabisa, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikikutana nayo konirodi, mkono unaoiunganisha na krenki, inapinda. Livutwe. Kisha chukua karatasi uandike ulichokiona: mshale wa joto ulikuwa wapi, taa gani ilitangulia, mlio ulikuwaje, moshi ulikuwa wa rangi gani, mara ya mwisho uliongeza nini na kiasi gani. Fundi mzuri hufurahia karatasi hiyo kama daktari anavyomfurahia mgonjwa anayejieleza vizuri.

Sasa tunafika kwenye fedha ambayo watu wanaionea uchungu bure, fedha ya vipimo. Fundi ang'oe plagi apime mgandamizo wa kila silinda. Zote zikiwa na namba zinazokaribiana, hiyo ni habari njema. Moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya baa moja ya presha, kuna ringi, vali au gasketi ya kutazamwa. Achomoe kijiti cha oili: ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Akate filta ya oili na kukunjua karatasi yake mwangani. Chembe zinazometameta ni beringi zilizosagika. Kuna dawa ya maji ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta, ikigeuka njano ujue moshi wa silinda unavuja kuingia kwenye maji. Kuna kamera ndogo inayopita tundu la plagi na kukuonyesha ukuta wa silinda bila kufumua kitu. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachokaribia bei ya injini, na baadhi ya magari yaliyohukumiwa kifo tumeyakuta na pampu ya mafuta iliyoungua au sensa ya krenki, yakaondoka yakiwa mazima siku hiyohiyo.

Siwatupii mafundi lawama zote. Mteja anaposimama kichwani akisema "fundi, nataka gari Ijumaa", fundi naye huchagua njia fupi, na njia fupi ni kubadilisha injini nzima.

Ugonjwa ukishajulikana, njia zinajitenga zenyewe. Hedi iliyopinda kidogo husawazishwa kwenye mashine, gasketi ikabadilishwa, na bloku ikabaki ilivyo. Hiyo ndiyo ahueni kubwa kuliko zote. Krenki iliyokwaruzwa hukerezwa na kuwekewa beringi za saizi inayofuata, kazi inayodai fundi wa kerezo anayepima kwa maikromita. Asiyekuwa nayo anakisia, na kwenye beringi hakuna kukisia. Bloku ikitobolewa na konirodi, hapo tena hakuna cha kujenga. Ni injini nyingine, au kuliuza gari kama lilivyo.

Kuamua kati ya hayo, fanya hesabu hii. Tuseme gari lako likiwa zima lingeuzwa milioni 12 leo. Likiwa limekufa, mnunuzi anakupa milioni 6. Matengenezo kamili ni milioni 4. Sita na nne ni kumi, bado uko chini ya kumi na mbili, basi tengeneza. Matengenezo yakiwa milioni 7, jumla ni kumi na tatu, na milioni moja unaitupa. Angalia kwamba bei uliyonunulia gari haimo kwenye hesabu hii, wala tairi mpya ulizofunga mwezi uliopita. Ni vigumu kwa binadamu kuziacha nje, najua, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kilichobaki mkononi ni gari lilivyo leo na fedha ambayo bado hujaitoa.

Neno "kamili" hapo ndilo linalowaangusha watu. Wanaulizia bei ya injini wakidhani ndiyo bei ya kazi. Ongeza oili, filta, kulanti (maji maalumu ya kupozea), gasketi, mikanda, paipu za maji, nauli ya kuifuata kama inatoka Dar, ufundi, na siku ambazo gari halitaingiza kitu. Mama wa Sahare alikuwa akikodi gari jingine kila safari ya samaki, na kodi hiyo mara ya kwanza hakuihesabu popote.

Ukiamua kununua injini ya mtumba, usiinunue ikiwa imelala chini imefunikwa turubai. Iombe iwashwe. Kama haiwezi kuwashwa, basi ipimwe mgandamizo, izungushwe kwa mkono, kifuniko cha juu kifunguliwe uone kama ndani kuna rangi ya asali au lami nyeusi iliyoganda. Andika namba yake. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba hiyo, na kwenye karatasi ya pembeni mkubaliane siku za kurudishiana na nani atalipa ufundi wa kuifungua ikionekana mbovu. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia: muuzaji anakubali kubadilisha injini, lakini fedha ya kuifunga na kuifungua hakuna anayeikumbuka. Kwa fundi wa chini ya mwembe fanya vilevile, daftari, tarehe, sahihi, shahidi mmoja, kama unavyofanya ukinunua kiwanja. Na umwambie mapema kwamba spea zote za zamani utaondoka nazo. Muuzaji wa dukani akikudanganya kuhusu alichokuuzia, Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya kumlinda mlaji chini ya sheria ya mwaka 2003, lakini bila karatasi hata Tume itakuwa na neno lako dhidi ya lake.

Kuhusu fedha yenyewe nina ombi moja. Msikimbilie mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali. Gari la biashara linakushawishi, linakwambia litajilipa lenyewe ndani ya wiki tatu. Injini iliyojengwa upya inahitaji kutembezwa taratibu mwanzoni, na oili yake ya kwanza hubadilishwa mapema, mara nyingi ndani ya kilomita 1,000. Mwenye deni la kila wiki hawezi kuipa nafasi hiyo. Atalipakia siku ya pili na kulikimbiza. Afadhali gari lilale mwezi mmoja uani mkisubiri zamu ya VICOBA au mkopo wa SACCOS.

Injini mpya ikishaingia, kuna jambo linalosahaulika karibu kila mara. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ikibadilika, TRA, mamlaka ya mapato, wanapaswa kupewa taarifa na kadi irekebishwe. Usipofanya hivyo, siku ya kuuza gari au polisi watakapolikagua, namba ya kwenye kadi na ile iliyochongwa kwenye bloku hazitakubaliana, na utaanza kueleza jambo ambalo risiti moja ingelimaliza. Hapa tena ile risiti ya EFD ndiyo ushahidi wako kwamba injini haikuibwa.

Mama wa Sahare hakununua injini ya tatu. Bloku yake ya pili ilikuwa salama, kwa sababu safari hii alizima mapema. Hedi ilisawazishwa, gasketi ikabadilishwa, rejeta ikawekwa mpya pamoja na kofia na themostati, na mfumo mzima wa maji ukasafishwa kabla ya kutiwa kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi. Sasa nyuma ya kiti chake kuna dumu la lita tano lenye mchanganyiko huohuo, na kabla ya kila safari, gari likiwa bado baridi, anafungua kofia na kutazama kimo cha maji. Rejeta ya zamani alituachia. Tumeikata katikati, iko juu ya meza iliyo karibu na mlango wa karakana. Mwenye gari anayetaka kuona chumvi ya kisima inavyoziba mirija aje aitazame na kuigusa, hatumtozi kitu.