Balungi ni Tunda la Mezani, Si Dawa ya Kukata Mafuta

Mara nyingi anayeniuliza habari za balungi huwa ameshalipangia kazi ya dawa: kukata mafuta ya tumbo, kushusha sukari, kusafisha damu. Kwa sababu hiyo hulikamua maji asubuhi kabla ya kula chochote, akafumba macho na kuyameza kwa mkupuo mmoja. Mimi, nikiwa mtaalamu wa lishe, naona hapo kuna hasara mbili, kwani balungi haliyeyushi mafuta ya mtu yeyote, na mnywaji mwenyewe amejinyima mojawapo ya ladha nzuri kabisa zinazopatikana katika masoko yetu ya Mwanza.

Balungi ni chotara wa furungu na chungwa, aliyetokea katika kisiwa cha Barbados kwenye karne ya 18, na limerithi pande zote mbili: ukubwa na uchungu wa furungu, maji na utamu wa chungwa. Karibu asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Nusu ya balungi la ukubwa wa kati ina kilokalori 50 hivi na takriban miligramu 38 za vitamini C, ilhali kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani humpendekezea mtu mzima ni miligramu 45 kwa siku. Lenye nyama nyekundu lina pia laikopini, rangi ileile iliyomo katika nyanya, pamoja na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Kwa wakazi wa kandokando ya ziwa, faida ninayoithamini zaidi hupatikana pale balungi linapoliwa pamoja na mlo. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha, kisamvu na ugali wa mtama ni ya aina ambayo utumbo huyafyonza kwa shida. Vitamini C ikikutana nayo katika mlo uleule, huyaweka katika hali inayofyonzwa kwa urahisi zaidi. Chai ya rangi hufanya kinyume chake. Basi mama mjamzito aliyekula ugali kwa maharage mchana, akaiahirisha chai kwa saa moja au mbili na kumalizia kwa nusu ya balungi, atafaidi zaidi chakula kilekile alichokuwa nacho, wakati balungi alilolinywa alfajiri lisingemsaidia katika jambo hilo. Ni kweli kwamba chungwa la Ukerewe lingeifanya kazi hiyohiyo, na pera lingelishinda balungi kwa mbali. Ninalitetea balungi kwa ajili ya ladha yake.

Uchungu unaowakimbiza wengi hutokana na naringini, kemikali ya asili ambayo imejaa zaidi katika nyama nyeupe ya ganda na katika ngozi nyembamba zinazotenganisha vipande. Anayelikata katikati na kulifyonza kama chungwa hukutana na uchungu huo wote kwa pamoja. Lichague lililo zito mkononi, ulikate ncha zote mbili ili lisimame, ulimenye kwa kisu kutoka juu kwenda chini mpaka weupe wote uondoke, kisha upitishe kisu kati ya kipande na ngozi yake, na nyama itatoka safi, iking'aa. Punje chache za chumvi hupunguza uchungu kuliko kijiko kizima cha sukari, ingawa mwenye shinikizo la damu ni heri aliache bila chumvi. Nami silipendi likitoka kwenye friji, kwa kuwa baridi hufifisha harufu yake.

Jambo la kuogopa kweli ni dawa. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada, akiwamo David Bailey, walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, dawa ya shinikizo la damu, wakashangaa kukuta kiwango cha dawa hiyo katika damu kimepanda kupita matarajio. Furanokumarini, kemikali za asili zilizomo katika balungi, huzima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi, na athari hiyo yaweza kudumu hadi siku tatu, hivyo kumeza kidonge asubuhi na kula balungi jioni hakumwokoi mtu. Wanaotumia simvastatini kwa ajili ya lehemu, pamoja na waliopandikizwa figo wanaomeza siklosporini au takrolimasi, waliache kabisa. Hata dawa mseto ya malaria tunayoitumia sana huku huhitaji tahadhari, kwa sababu balungi huongeza katika damu kiwango cha artemetha, mojawapo ya viambato vya dawa hiyo. Dozi hiyo imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kama vile maziwa, na balungi lisubiri kwanza. Kwa dawa nyingine yoyote ya kila siku, muulize mfamasia kabla hujalinunua.