Freddie hakuihama Queen: dhana potofu ninazozisikia kila wiki Shangani

Juzi asubuhi nilisimama na familia moja kutoka Dar es Salaam pale Shangani, mbele ya jengo lenye makumbusho ya Freddie Mercury. Baba, mama na binti yao wa miaka kama kumi na minne hivi. Hata sijamaliza kusema kwamba mtoto aliyezaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, ndiye aliyekuja kuwa mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, baba mtu akanikatiza: "Ndiye yule aliyewakimbia wenzake akaenda kuimba peke yake, bendi ikafa, halafu akarudi kuwaomba radhi?"

Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Natembeza wageni Mji Mkongwe miaka mingi sasa, na tangu ilipotoka ile filamu ya maisha yake mwaka 2018, juma halipiti bila mtu kuniambia maneno hayo. Hawaniulizi, wananiambia. Watu wa bara, Wakenya, ndugu zetu wanaorudi likizo kutoka Maskati na London, wote wamekariri hadithi moja. Nimechoka kuijibu nikiwa nimesimama juani, kwa hiyo leo naiandika.

"Freddie alijitoa Queen kwa tamaa ya pesa, bendi ikavunjika, ikafufukia tamasha la Live Aid"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Queen haikuvunjika. Si 1983, si 1984, si 1985.

Tuanze na nani alitangulia. Mtu wa kwanza ndani ya Queen kutoa wimbo kwa jina lake mwenyewe, bendi ikiwa imeshapata umaarufu, alikuwa Roger Taylor, mpiga ngoma, mwaka 1977. Aliyetangulia kutoa albamu nzima ni huyo huyo Roger, mwaka 1981: aliingia studio Montreux, Uswisi, akapiga karibu kila chombo kwa mikono yake. Akafuata Brian May, mpiga gitaa wa Queen. Aprili 1983, akiwa Los Angeles, aliwaalika marafiki, mpiga gitaa Eddie Van Halen akiwa mmojawapo, wakakaa studio siku mbili wakipiga magitaa, na rekodi yao ikatoka Oktoba mwaka huo. Katikati ya 1984 Roger akatoa albamu yake ya pili. Freddie, anayebebeshwa lawama kwamba ndiye aliyeanzisha mchezo huu, albamu yake ya Mr. Bad Guy ilitoka mwishoni mwa Aprili 1985. Kufikia hapo wenzake walishatoa tatu. (Ipo santuri ya mwaka 1973 ambayo Freddie aliiimba kwa jina la kubuni la Larry Lurex, lakini hata humo Brian na Roger ndio waliopiga, na Queen ilikuwa haijatoa albamu yake ya kwanza.)

Sasa tuitazame bendi inayosemwa ilikuwa kaburini. Mwaka 1983 hawakufanya ziara, hilo ni kweli. Walikuwa wamechoshana, albamu ya 1982 ilikuwa imepokewa vibaya, na kila mmoja alihitaji kupumua. Lakini Agosti mwaka huo huo walikuwa studio tena, wote wanne, na Februari 1984 ikatoka The Works, yenye Radio Ga Ga ya Roger na I Want to Break Free ya John Deacon, mpiga besi. Agosti 1984 ziara ikaanzia Brussels. Oktoba walikuwa Sun City, Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi, safari iliyowaletea lawama kubwa na iliyostahili lawama. Januari 1985 walikuwa Rio de Janeiro mbele ya umati usiohesabika. Aprili walikuwa New Zealand na Australia. Na hapo ndipo Mr. Bad Guy ilipoingia madukani, mwenye albamu akiwa ziarani na hao hao anaosemwa aliwakimbia. Mei wakavuka kwenda Japani, na onyesho la mwisho la ziara likapigwa Osaka tarehe 15.

Live Aid, lile tamasha kubwa la hisani la Wembley, London, ilikuwa tarehe 13 Julai. Hesabu mwenyewe kwa vidole: kutoka Osaka hadi Wembley ni siku 59. Watu waliokuwa jukwaani pamoja siku 59 kabla hawakuhitaji kupatanishwa na mtu. Zile dakika ishirini na moja hivi ambazo dunia inazisifu hadi leo zilikuwa za bendi iliyotoka ziarani mikono ingali moto, wakafanya mazoezi ya siku chache London kuzipunguza nyimbo zienee kwenye muda waliopewa. Ustadi ule ulitoka kwenye miezi minane ya kupiga pamoja usiku baada ya usiku. Filamu inapowaonyesha wamekaa miaka bila kusemezana, inawanyang'anya kazi yao.

Kuhusu pesa: ni kweli Freddie alisaini mkataba na kampuni ya rekodi ya CBS ilhali Queen ilikuwa kampuni nyingine, EMI. Huo ulikuwa mkataba wa kazi zake binafsi tu. Queen ilibaki EMI, na yeye akabaki Queen. Ndani ya jalada la albamu hiyo aliwashukuru Brian, Roger na John kwa kutoingilia kazi yake, na albamu yenyewe akaitoa zawadi kwa paka wake. Mtu aliyeachana na wenzake kwa shari hawaandiki wenzake kwenye jalada.

Nadhani najua kwa nini hadithi hii inatuingia kirahisi sisi watu wa huku. Kwetu, tangu enzi za dansi na taarabu, mwimbaji akionekana studio bila kundi lake, mtaani watasema keshahama, na mara nyingi huwa kweli kahama: kesho yupo kwa wapinzani, na keshokutwa wanarushiana mafumbo. Tumezoea hivyo. Tukiona filamu inasema Freddie alisaini peke yake, tunaimalizia wenyewe. Lakini wale jamaa walikuwa na utaratibu mwingine: bendi ilikuwa nyumbani, kazi binafsi ilikuwa matembezi, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wa mlango.

Na tukiwa hapo hapo: filamu inamwonyesha akiwaambia wenzake kabla ya Live Aid kwamba ana virusi vya UKIMWI. Jim Hutton, aliyekuwa mwenzi wake hadi mwisho, ameeleza kwamba majibu ya vipimo yalikuja mwaka 1987. Ni miaka miwili baada ya Wembley. Kila ninapomwona mgeni akitokwa na machozi kwa ajili ya tukio hilo la kutungwa, naumia, kwa sababu maisha yake ya kweli yana ya kuliza ya kutosha bila kuongezewa.

Basi yule baba wa Dar hakukubali. Akaniambia, "Kama walikuwa wanapatana, kwa nini aende peke yake?" Swali zuri. Nikamwambia, mzee wangu, hilo halijibiwi kwa maneno, tukae. Tukakaa barazani, kivulini. Ninatembea na kispika kidogo mfukoni kwa ajili ya watu kama yeye.

Nikawapigia kwanza I Was Born to Love You kama ilivyotoka 1985. Sikilizeni chini, niliwaambia, msisikilize sauti. Chini kuna mdundo wa kuchezea disko, umenyooka kama rula, na vinanda vya umeme vimejaza kila nafasi. Ni muziki wa vilabu vya Munich, alikokuwa akiishi sehemu kubwa ya miaka hiyo na alikorekodi albamu hiyo. Kisha nikawapigia wimbo huo huo kutoka Made in Heaven, albamu ambayo wenzake watatu waliimalizia 1995, miaka minne baada ya kifo chake. Sauti ni ile ile, kutoka kinywa kile kile, siku zile zile. Lakini vinanda vimeondolewa, gitaa la Brian limeingia kwa nguvu, ngoma za Roger zinasukuma kwa nyuma, na besi ya John imeushika wimbo usipeperuke. Binti akaniambia, "Huu wa pili kama anaimba anagombana na mtu." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, anagombana na gitaa. Huu wa kwanza hana wa kugombana naye.

Hilo ndilo jibu la baba yake. Freddie alitaka kuimba disko bila gitaa la kubishana nalo, akaenda akaimba, akarudi. Ushauri wangu kwa yeyote anayenisoma: kabla ya kurudia filamu, sikiliza matoleo hayo mawili kwa spika za masikioni, umefumba macho.

"Freddie peke yake aliuza kuliko Queen"

Si kweli, wala si karibu. Mr. Bad Guy ilifika nafasi ya 6 Uingereza, na Marekani haikugusa hata mia bora. Living on My Own, wimbo ambao kila mtu anautaja kama ushahidi, ulipotoka 1985 ulikwama nafasi ya 50 Uingereza. Uliofika namba 1 ni ule uliochanganywa upya 1993, mwenyewe akiwa ameshafariki. Kwa upande wa pili, mkusanyiko wa nyimbo bora za Queen uliotoka 1981 ndio albamu iliyouzwa zaidi katika historia ya Uingereza, zaidi ya nakala milioni 7 nchini humo pekee.

Kazi yake binafsi ninayoitetea kwa moyo wote ni albamu aliyoimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania, ile ya Barcelona ya mwaka 1988. Hiyo Queen isingeweza kuitengeneza, na alijua. Lakini tafadhali, acheni kuniambia mliwaona wakiiimba pamoja kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Barcelona. Michezo ilifunguliwa Julai 1992, naye alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Mlichoona ni onyesho la Barcelona la Oktoba 1988, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho kwake jukwaani.

"Brian alisubiri Freddie afe ndipo atoke"

Hii inasemwa na watu wanaojua kidogo, maana albamu ya Brian, Back to the Light, ilitoka Septemba 1992. Lakini nimeshataja rekodi yake ya 1983, na hiyo ya 1992 aliianza tangu 1988, Freddie akiwa hai na wakirekodi pamoja. Wimbo wake wa Driven by You ulitoka Uingereza mwezi ule ule msiba ulipotokea. Chukua Too Much Love Will Kill You. Watu wengi waliujua kwa sauti ya Brian, kwa sababu aliuimba Wembley Aprili 1992 katika onyesho la kumkumbuka rafiki yake, akaliweka toleo lake kwenye albamu. Miaka mitatu baadaye likatoka toleo la Queen, na mwimbaji ni Freddie: alikuwa ameshaurekodi zamani. Wimbo mmoja ulikuwa wa bendi, ukawa wa mtu mmoja, ukarudi kuwa wa bendi. Ukiwahukumu kwa kugawa "huyu vyake, huyu vyake," hapo utakwama.

Na kama Brian hana albamu nyingi, mjue alikuwa na deni jingine: shahada ya uzamivu ya fizikia ya anga aliyoiacha miaka ya 1970 kwa sababu ya Queen. Aliimaliza 2007, Imperial College, London.

"Roger ni mpiga ngoma tu"

Roger ndiye mwenye albamu nyingi kuliko wote wanne. Zipo sita kwa jina lake, ya karibuni ikiwa Outsider ya 2021 iliyofika nafasi ya 3 Uingereza, juu kuliko ile ya Freddie ya 1985. Ukiongeza tatu za The Cross, bendi aliyoianzisha 1987 huku Queen ikiendelea, zinakuwa tisa. Kwenye The Cross hakukalia ngoma: alisimama mbele, akaimba na kupiga gitaa. Hakuna aliyemwita msaliti.

"John Deacon hakuwa na kipaji, ndiyo maana hana albamu"

Huyu aliandika Another One Bites the Dust, wimbo uliofika namba 1 Marekani mwaka 1980. Kuna bendi ambazo zingetoa kila kitu zilicho nacho kwa besi ile tu. Hakutoa albamu kwa sababu hakuwa mwimbaji: nyimbo zake alimpa Freddie aziimbe, na Freddie alipofariki, hakuona wa kumpa. Kazi yake ya nje ni ndogo mno, ukiwemo wimbo mmoja wa filamu mwaka 1986 akiwa na kikundi kilichoitwa The Immortals.

Alipanda jukwaani na Queen mara ya mwisho Januari 1997, Paris, wakarekodi wimbo mmoja wa kumuenzi Freddie mwaka huo, kisha akaweka besi chini. Hakushiriki ziara na waimbaji waliofuata, hatoi mahojiano, hakai mbele ya kamera. Katika wanne hao, aliyeondoka kweli ni yeye, yule ambaye hakuwahi kutoa albamu ya peke yake. Nilipomwambia hivyo yule baba wa Dar, alinyamaza kidogo, akaniomba nimtajie jina lake tena, akaliandika kwenye simu.