Miguu ya Askari wa Ufini Vitani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika masimulizi ya Vita vya Majira ya Baridi, vilivyoanza tarehe 30 Novemba 1939 na kumalizika tarehe 13 Machi 1940, askari wa Ufini huelezwa kama mtu aliyezaliwa thelujini ambaye baridi haimdhuru, ilhali adui yake kutoka Umoja wa Kisovyeti huganda papo hapo alipo. Masimulizi hayo hayakuzuka hivihivi, lakini yamezaa dhana kadhaa kuhusu viatu na miguu ambazo hazisimami zikipimwa kwa historia wala kwa tiba. Kilichoamua nani arudi nyumbani na vidole vyake vyote hakikuwa asili ya mtu, wala buti peke yake, bali nafasi ya kuvua, kukausha na kuvaa upya kila siku.

Dhana: Wafini walikuwa na viatu bora vya kijeshi kwa kuwa nchi yao ni ya baridi.

Askari wa akiba walipoitwa, maghala ya jeshi hayakuwa na vifaa vya kuwatosha. Wengi walipewa bunduki, mkanda na beji ya kofia, wakaenda mstari wa mbele wakiwa na nguo na viatu walivyotoka navyo nyumbani. Mavazi hayo yalipewa kwa kejeli jina la mtindo wa Cajander, kutokana na Waziri Mkuu A. K. Cajander, ambaye serikali yake ililaumiwa kwa kubana fedha za ulinzi. Upungufu huo ulipunguzwa makali na jambo moja: mkulima au mkata magogo alikuwa tayari na viatu vya kufanyia kazi msituni wakati wa theluji, na alijua namna ya kuvitunza kwa lami ya msonobari na mafuta. Karani wa mjini hakuwa na bahati hiyo. Katika miaka iliyofuata ngozi iliadimika nchini kote, viatu vikauzwa kwa mgao, na raia wengi wakavaa viatu vyenye soli za mbao na sehemu za juu zilizofumwa kwa nyuzi za karatasi.

Dhana: Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo miguu inavyoumia zaidi.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na kosa lake ni kuchanganya maradhi mawili. La kwanza ni kuganda kwa mguu, ambapo nyama yenyewe hugeuka barafu, damu husimama na sehemu iliyoathirika huweza kufa. La pili ni mguu wa handaki, ambapo hakuna kinachoganda kabisa. Mguu uliokaa katika unyevu kwa saa nyingi au siku kadhaa, katika joto la kati ya nyuzi sifuri na 15 hivi, hukosa damu ya kutosha kwa sababu mishipa imejibana, na neva huanza kuharibika. Kwanza hufa ganzi na kupauka, kisha unapopata joto huvimba, huwa mwekundu na kuuma kama unaoungua. Waingereza waliujua vizuri ugonjwa huu katika Vita Kuu ya Kwanza, kwani majira ya baridi ya 1914 na 1915 uliwapata takriban askari wao 20,000 huko Ufaransa na Ubelgiji, mahali ambapo baridi yake si kitu mbele ya ile ya Ufini.

Januari 1940 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Hatari ya kuganda ilikuwa kubwa mno, lakini katika baridi ya namna hiyo theluji huwa unga mkavu: mtu huipangusa kwenye buti kabla ya kuingia hemani, na ngozi ya kiatu hubaki kavu. Shida ya unyevu huja joto linapokaribia sifuri, theluji inapoyeyuka juu ya kiatu na vinamasi vya Karelia, eneo la mpakani kati ya Ufini na Urusi, vinapokuwa havijaganda. Katika Vita vya Muendelezo, ambamo Ufini ilipigana tena na Umoja wa Kisovyeti, kuanzia mwisho wa 1941 hadi Juni 1944, sehemu kubwa ya mstari wa mbele ilitulia kwenye Shingo ya Karelia na kando ya mto Svir, na askari wakaishi katika mahandaki kwa muda wa takriban miaka miwili na nusu. Kila masika barafu ilipoyeyuka, maji yalitafuta mahali pa chini, na handaki ndilo lililokuwa chini. Kwa mguu wa binadamu, matope ya Aprili yanaweza kuwa adui mbaya kuliko ukavu wa Januari.

Tena, si unyevu wote unaotoka nje. Mtu anayeteleza kwa skii, yaani mbao ndefu zinazofungwa miguuni, akiwa na mzigo mgongoni hutokwa jasho hata katika baridi kali, na akisimama zamu ya ulinzi baada ya hapo, jasho hilohilo ndilo linalogeuka barafu ndani ya buti. Hapa ndipo ilipo tofauti ya kweli kati ya majeshi yale mawili. Wafini walikuwa na hema la nusu kikosi lenye jiko la kuni katikati, lililochukua watu wapatao 20, na mmoja wao alikesha akichochea moto huku wenzake wamelala na vitambaa vyao vya kufungia miguu, vilivyovaliwa badala ya soksi, vikining'inia kukauka. Baadaye wakajenga hata sauna, vyumba vya kuogea kwa joto na mvuke, karibu na mstari wa mbele. Askari wa Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovyeti, waliozingirwa kwenye barabara ya Raate mashariki mwa Ufini mwanzoni mwa Januari 1940 hawakuwa na kimbilio kama hilo. Waliwasha moto wa wazi, na moto huo uliwaonyesha walipo. Hesabu rasmi za upande wa Kisovyeti zinataja karibu watu 18,000 walioganda viungo katika vita vile. Wafini nao waliganda, maana damu yao haikuwa tofauti.

Dhana: Buti inayobana na soksi nyingi ndiyo kinga ya baridi.

Kinyume chake. Kinachozuia joto lisitoke ni hewa iliyotulia kati ya tabaka za nguo, na buti inayobana huiondoa hewa hiyo na pia huminya mishipa midogo ya damu. Wakazi wa kaskazini walivaa viatu vyenye nafasi. Wasami, katika viatu vyao vya ngozi ya kulungu wa kaskazini, walijaza nyasi maalumu zilizokaushwa badala ya kuvaa soksi, wakizitoa na kuzikausha kila jioni.

Dhana: Buti za sufu iliyoshindiliwa zilifaa wakati wote.

Zilifaa sana katika baridi kavu, hasa kwa mlinzi asiyetembea. Katika theluji yenye maji hunyonya kama sifongo, huwa nzito, na kuzikausha ni kazi ya usiku kucha.

Dhana: Vitambaa vya kufungia miguu vilikuwa dalili ya umaskini wa jeshi.

Kipande cha mraba cha sufu au pamba nzito hakina kisigino cha kutoboka wala mshono wa kuchubua. Kikilowa sehemu moja, askari hukigeuza akaweka upande mkavu kwenye vidole. Kikilowa chote, hukauka upesi kuliko soksi ya sufu, na kinamfaa mtu wa mguu wowote. Ubaya wake ni kwamba unahitaji ufundi: mkunjo mmoja uliokaa vibaya chini ya unyayo huleta malengelenge kabla ya kilomita chache kwisha, na kwa askari wa miguu aliyetembea kutwa nzima katika kusonga mbele kwa majira ya joto ya 1941, lengelenge halikuwa jambo dogo. Jeshi la Ufini liliendelea kutumia vitambaa hivyo hadi 1990, na la Urusi hadi 2013. Sioni jinsi ya kuuita umaskini uamuzi wa muda mrefu kiasi hicho.

Dhana: Ncha ya kiatu iliyopinda juu ilikuwa pambo.

Ncha ile ilinasa kwenye mkanda wa skii. Kisigino kiliachwa huru, na askari aliposhambuliwa aliweza kuchomoa mguu mara moja bila kuinama.

Dhana: Mguu ulioganda husuguliwa kwa theluji.

Ushauri huu ulipata nguvu kutoka kwa Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliyeona mwaka 1812 askari wakiipasha miguu joto motoni usiku na kuiacha igande tena mchana, wakapoteza zaidi. Alichokiona kilikuwa sahihi, bali tiba aliyoipendekeza ilidhuru, kwa sababu theluji huendelea kuondoa joto na kuchubua ngozi iliyokwisha kudhoofika. Tiba ya leo ni maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, lakini iwapo tu hakuna hatari ya mguu kuganda mara ya pili. Aliye mbali na hema yuko salama zaidi akitembea na mguu ulioganda hadi kwa daktari kuliko akiuyeyusha njiani.