Je, wajua? Kuna mtihani wa alama 100 ambao mtu anaweza kupata 110

Nchini Marekani, mwanajeshi wa zamani anayeomba kazi ya upolisi hupewa kipaumbele kisheria. Kipaumbele hicho kinafanyaje kazi?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja: ukivua gwanda la jeshi, la polisi linakusubiri. Nilidhani zipo nafasi zilizotengwa, mtu anaonyesha cheti chake cha jeshi na kupangiwa kituo. Nafikiri picha hiyo niliitoa nyumbani Tanzania. Vijana wengi huingia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakiamini kwamba kumaliza mafunzo ndiyo ajira ya polisi au magereza, ingawa JKT yenyewe imesema mara nyingi kwamba mafunzo yale si ahadi ya ajira.

Nilikosea, tena pale penye uzito zaidi. Kwa sehemu kubwa sheria za Marekani hazimpi mwanajeshi wa zamani nafasi. Zinampa alama, na zinampa baada ya kufaulu. Chukua jimbo la New York, ambako jambo hili limeandikwa ndani ya katiba ya jimbo. Aliyetumikia jeshi wakati wa vita huongezewa alama 5 katika mtihani wa kuingia kazini, na aliyepata ulemavu kutokana na utumishi huo huongezewa 10. Lakini kama alama ya kufaulu ni 70 naye kapata 68, anabaki na 68 zake. Hakuna anayezikokota hadi 73. Aliyepata 70 kwa jasho lake ndiye anayepanda hadi 75. Kwenye ajira za serikali kuu zinazopangwa kwa alama hali ni hiyo hiyo, na mwenye ulemavu uliotokana na jeshi aliyejibu kila kitu sawasawa anaweza kusimama na alama 110 juu ya 100.

Baada ya hapo mambo bado. Anapimwa afya, anachunguzwa historia yake, anakwenda chuo cha polisi. Miaka mingi ya kuendesha kifaru haimfundishi mtu lini anaruhusiwa kumpekua raia barabarani, na sheria inalijua hilo. Hata zile alama 10 za ulemavu hazimwondolei kipimo cha daktari.

Sasa utauliza, kama ni alama 5 tu, kelele zote za nini? Hapa ndipo hesabu inaponivutia. Mwambie mtu asogee hatua tano mbele katika uwanja mtupu: hajampita yeyote. Mwambie asogee hatua tano kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni asubuhi watu wanapokwenda kazini: amewapita makumi. Mtihani wa polisi katika mji mkubwa ni kama hiyo foleni. Wanaofanya ni maelfu, na maswali hayakusudiwi kuwashinda wengi, kwa hiyo waliofaulu hubanana juu, huyu 92, yule 93, mwingine 93 vilevile. Alama 5 zinaruka kundi zima. Tena mwajiri wa New York hachagui popote apendapo kwenye orodha, anachagua miongoni mwa majina machache yaliyo juu kabisa. Kwa hiyo swali linalomhusu mwombaji ni kama orodha itafika kwenye jina lake kabla muda wa orodha yenyewe haujaisha.

Lipo jimbo ambalo dhana yangu ya zamani ilikaribia kuwa kweli. Massachusetts haikuongeza alama. Iliwapanga wanajeshi wa zamani wote waliofaulu mbele ya raia wote waliofaulu. Mwaka 1971 Helen Feeney alipata alama ya pili kwa ukubwa katika mtihani wa kazi ya ofisi ya serikali, akajikuta wa sita, nyuma ya wanaume watano waliotoka jeshini. Alishtaki, akisema sheria ile inawafungia wanawake mlango, kwani zaidi ya asilimia 98 ya wanajeshi wa zamani wa jimbo hilo walikuwa wanaume. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ilimkatalia, majaji 7 kwa 2: sheria haikutungwa kwa nia ya kuwabagua wanawake, walisema, japo iliwaumiza. Mimi naona machungu yake yalikuwa ya haki.

Serikali kuu, kwa ajira zake nyingi, siku hizi huwapanga waombaji kama muuza samaki anavyopanga mafungu: bora kabisa, bora, wa kutosha. Ndani ya kila fungu mwanajeshi wa zamani hukaa juu. Msingi wa kipaumbele hiki cha serikali kuu ni sheria ya mwaka 1944, iliyosainiwa na Rais Roosevelt, kwa hoja kwamba waliokwenda vitani walipoteza miaka ambayo wenzao walikuwa wakipanda ngazi.

Je, kipaumbele ndicho kilichojaza wanajeshi polisi? Uchambuzi wa takwimu za sensa uliochapishwa na chombo cha habari cha Marekani, The Marshall Project, mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 19 ya polisi walipitia jeshi, wakati katika watu wote ni asilimia 6. Ila takwimu hiyo haitenganishi sheria na mapenzi: waliozoea sare, silaha na amri huenda wangeomba kazi hiyo hata bila alama moja ya nyongeza.

Wapo pia vijana wa Afrika Mashariki walioingia jeshi la Marekani wakiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Karatasi ya kutunza wanapoondoka ni fomu iitwayo DD 214, inayoonyesha walitumikia lini na waliondoka vipi. Ndiyo mwajiri anayoidai kwanza, na aliyefukuzwa kwa aibu haongezewi kitu.