Sevisi inayopendekezwa: nani amependekeza?

Ukienda kuchukua gari baada ya sevisi, mara nyingi hupewi funguo na risiti tu. Unakabidhiwa pia karatasi ya kazi "zinazopendekezwa": kusafisha nozeli (vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini), kusuuza injini, kubadilisha oili ya giaboksi, plagi mpya, kutia tairi naitrojeni. Wengi wetu hapa Malindi huisoma kama amri ya daktari. Mtu hulipa kwa kuogopa, au huitupa yote kwa hasira. Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, uliza pendekezo limetoka kwa nani.

Linaweza kutoka kwa kiwanda kilichounda gari. Hilo utalikuta kwenye kitabu cha gari, na huandikwa kwa kilomita au miezi, lolote litakalotangulia. Linaweza pia kutoka kwa shoroomu au gereji yenyewe, na hapo kumbuka kwamba kazi ndiyo biashara yao, na wako wanaokaa kaunta wakilipwa kamisheni kwa kila kazi wanayouza. Hilo peke yake si wizi. Ila kazi isiyomo kitabuni inahitaji sababu inayoonekana: mlio, uvujaji, kipimo, kitu unachoweza kushika kwa mkono.

Kwetu shida huanzia kwenye hicho kitabu. Magari mengi yanayotembea hapa ni ya mtumba kutoka Japani, kwa kuwa Kenya huruhusu yasiyozidi umri wa miaka 8, na kitabu, kama kimo, ni cha Kijapani. Hata hivyo viwanda vikubwa huweka vitabu vya Kiingereza bure mtandaoni. Tafuta kwa modeli, mwaka na aina ya injini, kisha uweke kwenye simu. Ukifika kaunta ukauliza, "Hii iko ukurasa gani?" mazungumzo hubadilika.

Usishangae ukikuta humo ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu. Vumbi, mizigo mizito, safari fupi fupi, injini kuunguruma gari likiwa limesimama: yote huhesabiwa kuwa magumu. Dereva anayesubiri wageni nje ya hoteli huku kiyoyozi kikivuma, oili yake inachakaa na mileji haisogei. Anayeacha lami kila siku kwenda Langobaya anakula vumbi ambalo mtu wa Tokyo halijui. Kwa hiyo gereji ikikuambia ubadilishe oili kila kilomita 5,000 ilhali kitabu kinasema 10,000, usikimbilie kuwaita matapeli. Tazama kwanza safu ya matumizi magumu. Kama gari lako ni la Malindi hadi Mombasa kwa lami na unatia oili ya sintetiki ya kipimo kilichotajwa kitabuni, 10,000 zaweza kukutosha. Kama ni Probox ya kubeba watu na magunia hadi vijijini, 5,000 ni busara.

Filta ya hewa haihitaji ubishi. Itoe, iinue kwenye jua. Mwanga ukipita, irudishe. Usipopita, nunua nyingine.

Mafuta ya breki ndiyo watu huyapuuza, na hapa namuunga mkono mtu wa kaunta. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa ya pwani haina uhaba wa unyevu. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishalowa maji kiwango chake cha chini hushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke huingia kwenye mabomba, unakanyaga pedeli na inazama. Viwanda vingi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama gari halitembei sana.

Plagi inategemea aina. Za kawaida huhitaji kubadilishwa kati ya kilomita 20,000 na 40,000, za iridiamu hufika karibu 100,000. Ukiambiwa ubadilishe za iridiamu kwenye 30,000, omba uonyeshwe kasoro. Oili ya giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za kupanda na kushuka) nayo ni kazi halali, mradi iwe ile hasa iliyotajwa na kiwanda. Ukitiwa oili ya giaboksi ya kawaida, umelipia kuharibiwa.

Kusuuza injini kwa dawa hakumo katika ratiba za viwanda vingi. Kwenye injini ya zamani yenye tope la oili iliyoganda, dawa hiyo inaweza kulibandua tope likaenda kuziba njia ya oili. Kusafisha nozeli, kama gari haligugumii wala halijaanza kula mafuta kuliko kawaida, ngoja. Naitrojeni nayo, hewa ya bure pale petroli stesheni tayari ina asilimia 78 yake. Pima upepo mara kwa mara ukifuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Ajabu ni kwamba adui mkubwa wa magari ya huku hayumo kabisa kwenye karatasi ile: chumvi. Ukifungua boneti ukakuta unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, fungua waya wa hasi kwanza, sugua kwa maji ya moto yenye magadi ya kupikia, kausha, paka grisi. Gari lililopita ufukweni lioshwe chini pia, maana kutu huanzia kwenye mabomba ya breki na ekzosi, mahali ambapo hutazami.

Kabla ya kukubali kazi yoyote, taka makadirio kwa maandishi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu matengenezo ya magari, na makadirio yamo humo. Waombe pia wakurudishie kifaa cha zamani. Kama gari ni jipya na lina dhamana, soma masharti yake na uweke risiti zote.

Kazi moja isingoje dalili hata kidogo: mkanda wa taimingi, ule unaofungua na kufunga vali za injini kwa wakati wake. Probox yenye injini ya 1NZ hutumia cheni, kwa hiyo anayetaka kukuuzia mkanda mpya hapo mshukuru na uende zako. Lakini injini ya mkanda, nyingi zikiwa na kikomo cha karibu kilomita 100,000, mkanda ukikatika ukiwa njiani vali zaweza kugongana na pistoni. Ukinunua gari la mtumba la aina hiyo na historia yake huijui, badilisha kabla hujazoea kuliendesha.